Mnyonya Damu Anapopiga Hodi: Mwongozo wa Kuandika Vichekesho na Kuvifikisha kwa Wasomaji

Mnyonya damu ni mhusika anayebanwa na masharti kuliko mtu yeyote anayemzunguka. Hatoki mchana, haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa, hakai karibu na kitunguu saumu, na chakula chake ni cha aina moja tu. Mwandishi wa hadithi za kutisha huyageuza masharti hayo kuwa silaha za mashujaa, ilhali mwandishi wa vichekesho huyaona kuwa adha za kila siku za mtu ambaye angependa tu kuumaliza usiku wake kwa amani. Mwongozo huu ni wa mwandishi anayetaka kutunga kwa Kiswahili mfululizo wa hadithi za aina hiyo na kuufikisha kwa wasomaji, kwa njia ya simu kwanza na kwa kitabu baadaye. Nimeupanga kwa hatua, na mwenye haraka anaweza kuzipitia nyingine juu juu, lakini hatua ya kwanza na ya nne zisirukwe.

Hatua ya kwanza: andika masharti kabla ya kisa

Chukua karatasi na uandike masharti yote ya mnyonya damu wako kabla ya kutunga hata sentensi moja ya kisa chenyewe. Masharti tunayoyazoea leo hayakutoka mahali pamoja, na kulijua hilo kunakupa uhuru wa kuchagua. Katika vijiji vya Serbia vya karne ya 18, ambako maofisa wa dola ya Habsburg, yaani ya Austria, waliandika taarifa rasmi kuhusu wafu waliodaiwa kutoka makaburini, kama ile ya kijiji cha Kisiljevo ya mwaka 1725, hapakuwa na bwana mwenye joho wala ngome. Aliyeogopwa alikuwa mwanakijiji wa kawaida, aliyezikwa juzi tu na kudaiwa kurudi kuwasumbua jirani na jamaa zake. Ubwana aliupata kwa waandishi: hadithi ya John Polidori iliyochapishwa mwaka 1819 ilimpa cheo na adabu za ukumbini, na riwaya ya Bram Stoker, Dracula, ya mwaka 1897, ikaeneza habari kwamba haonekani kwenye kioo na kwamba haingii nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mwenyeji amkaribishe. Katika riwaya hiyohiyo Dracula hutembea mchana mjini London, ingawa nguvu zake humpungukia. Jua lilianza kumuua katika filamu ya kimya ya Kijerumani, Nosferatu, ya mwaka 1922. Kwa hiyo msomaji akikuambia kwamba "mnyonya damu wa kweli" huungua juani, mjibu kwa utulivu kwamba sharti hilo lina umri wa karne moja tu.

Lipo sharti jingine la ngano za Ulaya Mashariki ambalo waandishi wengi hulisahau, nami naliona kuwa ndilo tajiri zaidi kwa vichekesho. Watu walimwaga mbegu ndogondogo kaburini au njiani, kwa imani kwamba mfu huyo atashikwa na hamu ya kuzihesabu moja moja mpaka kuche. Hebu lipeleke sharti hilo kwenye ukumbi wa harusi, usiku wa kuchambua mchele. Mnyonya damu anapita zake akitafuta shingo, anaona ungo, anapiga magoti, na kufikia alfajiri gunia zima limechambuliwa, hesabu ya punje imeandikwa kwenye daftari, na wanawake wa mtaa wamekubaliana kwamba kijana huyu aalikwe kila harusi.

Masharti manne au matano yanatosha. Kwa kila sharti andika mambo matatu: linakataza nini hasa, lina mwanya gani, na mnyonya damu analipa gharama gani akilivunja. Ukisema haonekani kwenye kioo, amua sasa kama kamera ya simu nayo inahesabiwa kuwa kioo, kwa sababu katika sura ya sita atatakiwa kupigwa picha ya kitambulisho na utakwama. Amua pia kama nguo zake zinaonekana au zinapotea pamoja naye. Msomaji wa vichekesho husamehe mambo mengi, hata kisa kisicho na kichwa wala miguu, lakini hasamehi sharti lililolegezwa katikati ya safari ili kumwokoa mwandishi.

Hatua ya pili: mpeleke mahali penye desturi kali kuliko masharti yake

Kicheko huzaliwa pale masharti ya mgeni yanapokutana na desturi za wenyeji ambao hawana habari nayo. Ngome ya Transilvania, kule Romania anakotoka Dracula, haina msaada kwako, kwa sababu huko kila mtu anajua la kufanya: anachukua msalaba na kukimbia. Mlete mji wa pwani wenye hali kama ya Tanga, umpe jina la kawaida la kwao Romania, tuseme Radu, na umwache apige hodi.

Fikiria sharti la kukaribishwa. Katika hadithi za kutisha limekuwa kinga ya wanadamu, lakini pwani halidumu hata usiku mmoja, kwani hodi hujibiwa "karibu" kabla mwenye nyumba hajajua nani amesimama nje. Hapo unaweza kudhani mnyonya damu ameshinda, na mwandishi asiye makini huishia hapohapo. Mwenye makini anaendelea kuuliza: mtu aliyekaribishwa anawajibika nini? Anawajibika kuvua viatu, kunawa, kula, kuuliza hali ya kila mtu wa nyumbani mmoja mmoja, na kutoondoka kabla chai haijaja. Chakula chenyewe ni pilau, na pilau ina kitunguu saumu. Halafu kuna ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambao kwa mhusika wetu ni hukumu ya kifo, kwa sababu jembe hushikwa mchana. Msemo huo peke yake umekupa muundo wa kisa kizima: usiku wa kwanza anaheshimiwa, wa pili anazoeleka, na jioni ya siku ya tatu anasikia wenyeji wakishauriana kuhusu shamba la mihogo.

Fanya pia hesabu ya usiku, kwa sababu ni kazi ya dakika chache na huleta visa usivyovitarajia. Mjini Bucharest, mji mkuu wa Romania, usiku wa mwezi Juni hauzidi muda wa saa 9 na wa Desemba unapita saa 15, wakati Tanga, iliyo karibu na ikweta, hupata takriban saa 12 za giza mwaka mzima. Kwa mnyonya damu, kuhama ni kuacha kibarua cha msimu na kupata ajira ya kudumu. Hana tena karamu ya majira ya baridi, lakini ana ratiba inayoeleweka, jua likizama saa kumi na mbili na ushei, naye anaweza hata kuomba kazi ya ulinzi wa zamu ya usiku na kusifiwa kwa kutosinzia.

Usisahau washindani. Mbu wapo, wanafanya kazi ileile, hawahitaji kukaribishwa, na serikali imegawa vyandarua vyenye dawa dhidi yao ambavyo vitamzuia Radu pia. Bodaboda zipo: dereva akitazama kioo cha pembeni na kuona kiti cha nyuma hakina mtu, ataamini abiria ameruka bila kulipa nauli, atageuza pikipiki kumtafuta, na atazunguka mji mzima akiwa amembeba mgongoni mtu anayemtafuta. Kisa kama hicho hakihitaji utani wa maneno hata kidogo.

Hatua ya tatu: andika mazungumzo, kisha ufute maelezo

Mnyonya damu mzuri wa vichekesho huzungumza kwa fasaha iliyopitiliza, kama mtu aliyejifunza lugha vitabuni zamani sana, na wenyeji huzungumza kama watu wenye kazi za kufanya. Hiki hapa kipande kifupi cha mfano:

Radu alisimama nje ya mlango wa uani, akalikusanya joho lake, akasema kwa sauti iliyowahi kutetemesha mabonde matatu:

"Je, ninaruhusiwa kuingia katika nyumba hii kwa hiari ya wenyewe?"

"Karibu baba, pita," alijibu Bi. Mwanaidi bila kugeuka, kwa kuwa mchuzi ulikuwa umeanza kushika chini. "Viatu uviache hapo mlangoni. Na hicho kitambaa cha mgongoni kitundike, kitashika moto."

"Huniulizi mimi ni nani?"

"Utakuwa umetoka mbali. Kaa hapo mkekani, maji ya kunawa hayo hapo. Utakula samaki, leo nimemuunga kwa kitunguu saumu."

Angalia mambo kadhaa katika kipande hicho. Bi. Mwanaidi haogopi, na haogopi kwa sababu ana jambo muhimu zaidi jikoni, si kwa sababu ni mjinga. Ukimfanya mjinga, kicheko kitakuwa cha kumdharau na wasomaji wenye mama kama yeye watakuacha. Neno lenye uchungu kwa Radu limewekwa mwisho kabisa wa sentensi ya mwisho, kwani neno la kuchekesha likifuatwa na maneno mengine sita huwa limezimwa. Na hakuna mahali ambapo msimulizi ameeleza utani. Rasimu ya kwanza ya waandishi wengi ingeongeza sentensi kama hii: "Radu alishangaa sana, kwa sababu watu wa pwani humkaribisha kila mtu, hivyo sharti lake likawa halina maana." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na inaua kila kitu. Ifute. Msomaji aliyeelewa ataudhika kwa kuelezwa, na asiyeelewa hatacheka kwa kuelezwa.

Heshima za salamu nazo ni mgodi ambao haujachimbwa. Radu ana umri wa miaka 412 na sura ya kijana wa miaka 30. Akifika barazani, vikongwe wa miaka 70 wanangoja awaamkie shikamoo, naye anangoja wamwamkie yeye, na kwa hesabu za ukweli yeye ndiye mwenye haki. Kimya kinatanda. Mtu mmoja anaanza kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Ukiliweka tukio hili mapema, kisha ukalirudia katika sura za baadaye kila mara likiwa na mzee mwenye umri mkubwa zaidi, litakuwa kichekesho chako cha kudumu, na siku ambayo Radu hatimaye atanyenyekea na kusema shikamoo itakuwa tukio lenye uzito kuliko pambano lolote.

Hatua ya nne: uwe mwangalifu na mumiani

Mwandishi wa Kiswahili hawezi kuandika kuhusu kunyonya damu kana kwamba wasomaji wake hawana kumbukumbu zao wenyewe. Enzi za ukoloni uvumi wa mumiani ulienea pwani, na ule wa wazimamoto ukaenea Kenya na Uganda, ukisema kwamba kuna watu walioajiriwa kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo kilichotoka mwaka 2000, akiutumia kama ushahidi wa jinsi watu walivyoiona serikali ya kikoloni, hospitali zake na magari yake. Tofauti na bwana wa Transilvania ni kubwa: mumiani ni mtu hai, ana mshahara, na damu haimshibishi yeye, inapelekwa kwingine. Huko Unguja na Pemba, mwaka 1995, hofu ya popobawa, kiumbe anayedaiwa kuwavamia watu usiku, iliwafanya watu walale nje kwa makundi. Kwa kuwa visa vyake vinahusu udhalilishaji wa miili ya watu, ningeshauri asiguswe kabisa katika vichekesho.

Jambo hili si la kale tu. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulizuka kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, na makundi ya watu wenye hasira yakawaua watu waliotuhumiwa. Umoja wa Mataifa ulilazimika kuwahamisha baadhi ya wafanyakazi wake. Sasa fikiria sura yako ya nne, ile yenye gari jeusi linalozunguka usiku, ikisambazwa kwenye kundi la familia bila jina la hadithi na bila sura zilizotangulia. Kwako ni kichekesho, na kwa mtu aliyeipokea saa tano usiku ni taarifa.

Kwa hiyo weka kinga zifuatazo tangu mwanzo. Mstari wa kwanza wa kila sura uwe na jina la hadithi, namba ya sura, na maneno "hadithi ya kubuni", tena ndani ya maandishi yenyewe na si kwenye picha ya jalada, maana picha huachwa nyuma maandishi yanaponakiliwa. Tunga mtaa wa kubuni, uupe jina kama Kisimachai, na usitaje hospitali, kituo cha afya, shule, wala aina na rangi ya gari inayoweza kuhusishwa na mtu halisi. Usiandike kamwe kwa mtindo wa taarifa ya habari au wa ujumbe wa sauti wa "jamani tuwe makini", hata kama mtindo huo unachekesha sana, na ni kweli kwamba unachekesha. Usiwafanye wachangiaji damu na wauguzi wawe shabaha ya mzaha. Benki za damu zina kazi ngumu ya kutosha ya kuwashawishi watu.

Ukishaweka kinga hizo, kumbukumbu ya mumiani inakuwa mali yako. Mruhusu Radu akasirike kwa kufananishwa naye. Anaweza kusimama mbele ya kikao cha mtaa na kujitetea kwamba yeye hajawahi kuuza hata tone, ni kwa matumizi ya nyumbani tu. Sungusungu wa mtaa wanaweza kuunda doria ya kumsaka kiumbe anayezunguka usiku, na kwa kuwa Radu ndiye mkazi pekee asiyewahi kulala zamu yake, wakamchagua kuwa kiongozi wa doria. Katika visa vyote viwili anayechekwa ni mnyonya damu mwenyewe, pamoja na vikao vyetu na kamati zetu, na hakuna mtu halisi anayenyooshewa kidole.

Hatua ya tano: kata hadithi kwa kipimo cha simu

Mnyonya damu na mfululizo ni marafiki wa zamani. Kati ya mwaka 1845 na 1847 Waingereza walisoma kisa kirefu cha aina hii kilichouzwa London kwa vijitabu vya bei ya chini kabisa, sehemu baada ya sehemu. Wewe utatumia ujumbe wa simu, na simu ina tabia zake. WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuuficha nyuma ya maneno ya kumtaka msomaji abonyeze ili asome zaidi. Mistari michache ya juu ndiyo itakayoamua kama atabonyeza, kwa hiyo baada ya mstari wa utambulisho ingia moja kwa moja kwenye tukio au kauli, na maelezo ya hali ya hewa yasubiri.

Sura moja iwe na maneno 600 hadi 800, ibebe tukio moja, na ihusishe sharti moja. Mwisho wake usiwe wa kutishia maisha ya mtu kila mara. Katika vichekesho, mwisho bora ni mwaliko ambao mhusika hawezi kuukataa wala kuukubali: "Kesho alfajiri, baada ya swala, utanisindikiza baharini kununua samaki." Msomaji anayajua masharti, anajua alfajiri inamaanisha nini, naye atabaki anahesabu mwenyewe mpaka sura ijayo.

Andika sura zisizopungua kumi kabla ya kutoa ya kwanza. Mfululizo unaokatika katikati huwafundisha wasomaji kutokuamini, na ni vigumu kuirudisha imani hiyo hata kwa hadithi nzuri zaidi.

Hatua ya sita: soma kwa sauti

Wasomee watu watatu au wanne, mkiwa mmekaa pamoja, huku mtu mwingine akitia alama mahali wanapocheka. Usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watasema ndiyo. Mahali ulipotarajia kicheko na hapakuwa na kitu, jaribu kwanza kufupisha, ikishindikana, futa. Kisha umpe rasimu mtu mmoja mwenye sarufi makini asahihishe upatanisho wa ngeli na alama za uandishi, kwani kosa la herufi likiangukia kwenye neno la kuchekesha, msomaji hucheka kosa.

Hatua ya saba: linda haki zako, na uziheshimu za wengine

Mnyonya damu kama wazo hana mwenyewe. Riwaya ya Stoker nayo iko huru, kwani mwandishi alifariki mwaka 1912 na sheria za Tanzania na Kenya hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wahusika, mazungumzo na michoro ya filamu na riwaya za miaka ya karibuni ni jambo tofauti, na kubadilisha majina hakutoshi. Nosferatu yenyewe ilitengenezwa kwa kukichukua kisa cha Stoker na kubadilisha majina bila ruhusa. Mjane wake, Florence, alikwenda mahakamani Ujerumani, na mwaka 1925 ikaamriwa nakala ziharibiwe. Ipo leo kwa sababu tu baadhi ya nakala zilinusurika.

Kwa upande wako, hakimiliki huanza pale unapoiandika hadithi, lakini usajili hurahisisha ushahidi siku ya mgogoro. Unashughulikiwa na ofisi za hakimiliki: Tanzania Bara na COSOTA, Zanzibar na COSOZA, na Kenya na KECOBO. Mwenye mpango wa kufungua blogu badala ya kutumia mitandao ya kijamii, akiwa Tanzania, asome kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Hifadhi pia rasimu zako zenye tarehe, pamoja na barua pepe uliyojitumia mwenyewe.

Hatua ya nane: chagua mlango wa kutokea, kisha saa ya kutokea

Kundi la WhatsApp hujaa haraka, namba za wasomaji huonekana na kila mtu, na ndani ya wiki moja kutakuwa na mtu anayeuza viatu. Chaneli ya WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2023, huficha namba za wanaoifuata na humpa mwandishi peke yake nafasi ya kuandika, hivyo sura haizikwi chini ya salamu za asubuhi. Hasara yake ni ukimya, kwa kuwa wasomaji huweza kuweka alama za hisia lakini hawajibizani humo kama kwenye kundi. Ninachokipendekeza ni chaneli kwa ajili ya sura zenyewe, ukurasa wa Facebook kwa ajili ya mabishano, na kundi dogo la wasomaji wachache unaowaamini ambao watakuambia ukweli. Ukiweza, rekodi kila sura kwa sauti pia. Wapo wasomaji wengi wazuri ambao mikono yao iko kwenye usukani, cherehani au sufuria.

Toa sura siku zilezile na saa ileile. Saa tatu usiku ni saa nzuri kwa Tanzania, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili na kabla ya usingizi, tena inalingana na maudhui. Kwa walioko Muscat itakuwa saa nne usiku, kwa walioko London itakuwa jioni wakiwa njiani kurudi nyumbani, na kwa walioko Marekani itakuwa bado mchana, ambao wataisoma kazini kwa kujificha. Andika kwa Kiswahili sanifu katika masimulizi na uwaachie wahusika lahaja zao. Msomaji wa Lubumbashi au Nairobi ataielewa lafudhi ya Tanga kutokana na muktadha, kama sisi tunavyoielewa yake.

Kuhusu malipo, sura za mwanzo ziwe bure mpaka msomaji awe ameshamzoea Radu, kisha uuze zilizobaki zote kwa pamoja kwa bei isiyomfanya afikiri mara mbili, akilipa kwa pesa za simu. Kuuza sura moja moja huchosha pande zote mbili, na makato ya miamala hula kipato. Weka daftari la majina na tarehe za malipo, na usizitumie namba za wanunuzi kwa jambo lolote ambalo hawakulikubali. Faili la PDF litavuja; hilo lichukulie kuwa limeshatokea. Kwa sababu hiyo andika kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho jina lako, namba ya malipo, na maombi mafupi yenye adabu kwamba aliyeipata bure na ikamchekesha anaweza kulipa sasa. Yakitamkwa na Radu mwenyewe, kwa ile fasaha yake, yatasomwa.

Hatua ya tisa: kitabu cha karatasi

Subiri mpaka wasomaji waanze kukiulizia wenyewe. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kwa walioko Tanzania, na na Huduma ya Maktaba ya Taifa kwa walioko Kenya. Kama kitabu kitabanwa kwa pini katikati, hakikisha idadi ya kurasa inagawanyika kwa 4, la sivyo mchapaji atakuwekea kurasa tupu mwishoni. Kikiwa kinene zaidi kitahitaji gundi, na kitabu chembamba kilichotiwa gundi huachia kurasa kabla hakijafika kwa msomaji wa tatu. Dai nakala moja ya majaribio na uisome yote kabla ya kuruhusu nyingine zipigwe chapa. Jalada lisiwe na damu nyingi, kwa maana muuza vitabu ataliweka kwenye rafu ya vitisho, na mnunuzi wa vitisho atarudi kudai fedha zake. Mchoro wa joho jeusi lililotundikwa kwenye kamba ya nguo, kati ya kanga mbili, unatosha.

Piga chapa nakala chache kwanza, uziuze kwa waliokwisha kulipa oda, na umwachie mwenye duka idadi ndogo kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja fungu lake na siku ya kufanya hesabu. Muswada ambao haujachapwa wala kuuzwa popote unaweza pia kuupeleka kwenye shindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu au Tuzo ya Kiswahili ya Safal, lakini soma masharti ya mwaka husika kabla ya kuanza mfululizo, kwa sababu sura ulizokwisha kuzitoa hadharani zinaweza kukuondolea sifa ya kushiriki.